Mshahara wa mhasibu ni miche mingapi?

Mkutano ulikuwa ukingoni na chai imeshamiminwa, mzee mmoja alipoomba nafasi ya swali la mwisho. Tulikuwa Nessuit, kando ya msitu wa Mau Mashariki nchini Kenya, tukipanga upanzi wa mvua za Aprili na kikundi cha jamii kinachotunza msitu. Hakuwa na hasira. "Binti yangu," akasema, "wewe ndiwe mhasibu wa hawa watu wa miti. Hebu nieleze, mshahara wako wa mwezi mmoja unanunua miche mingapi?"

Akina mama wenye kitalu walikuwa wamekaa mbele yangu. Wao hutuuzia mche wa mutarakwa kwa shilingi 20. Napata shilingi 60,000 kwa mwezi, kwa hivyo sikuhitaji kikokotoo. "Miche 3,000, mzee," nikamjibu. Watu walinyamaza, kisha mkutano ukafungwa kwa maombi.

Nimekuwa mhasibu wa shirika dogo la kuhifadhi mazingira hapa Nakuru kwa miaka 6, na sijawahi kuulizwa swali lenye uzito kama lile. Wafadhili huliuliza kwa maneno yao: asilimia ngapi inafika mashinani, ngapi inabaki ofisini? Wengi huamua kwa kutazama namba hiyo moja tu. Nataka kulipima swali la mzee pande zote mbili, nikijua kwamba mimi mwenyewe ni mmoja wa wanaoulizwa.

Nianze na upande wake, kwa kuwa una nguvu kuliko tunavyokubali tukiwa ofisini. Mwaka 2001 serikali ilitangaza kuondoa makumi ya maelfu ya hekta kwenye hifadhi ya msitu wa Mau, na sehemu kubwa ilikuwa huku Mashariki. Tangu hapo mashirika yamekuja na kuondoka. Mtu anayeishi kando ya Mto Njoro haoni bajeti ya mtu. Anaona gari, fulana zenye nembo, bango, na siku tatu za warsha katika hoteli ya Naivasha. Anaona pia kwamba mto unashuka na matope kila mvua kubwa inaponyesha, na kwamba Ziwa Nakuru, lililo mwisho wa mto huo, limefura hadi likameza lango kuu la zamani la mbuga. Akijumlisha hayo yote, anayo haki ya kuuliza pesa ziliingia wapi.

Isitoshe, taratibu zetu za fedha zenyewe huwaumiza watu. Msimu mmoja tuliajiri vibarua wa kuchimba mashimo, siku 4, shilingi 500 kwa siku. Masharti ya mfadhili yalisema jina kwenye orodha, jina kwenye kitambulisho na jina la laini ya M-Pesa lazima yawe moja. Mama mmoja, mjane, laini yake ilisajiliwa kwa kitambulisho cha mwanawe, naye kijana alikuwa ameshahamia Nairobi. Malipo yakakataliwa. Nikaomba barua ya chifu, barua ikaja bila muhuri, ikarudishwa, ikaja tena. Shilingi 2,000 zake zilikaa wiki 3. Katika wiki hizo alikuwa akikopa unga dukani, na mimi nilikuwa na vocha yake mezani, kila kitu kikiwa sahihi isipokuwa jina. Muda wangu uliopotea kwenye barua zile uligharimu zaidi ya deni lenyewe. Mtu akiniambia kazi kama hiyo ni kuzila pesa za miti, sina jibu la haraka.

Lakini sharti lile halikutoka hewani. Katika mwaka wangu wa pili niliwahi kuletewa orodha ya vibarua 28, wote wametia alama ya dole gumba. Niliipeleka dirishani kwenye mwanga. Alama 11 zilikuwa na kovu lile lile, limepita katikati kwa mshazari. Dole lilikuwa moja, kwa hivyo watu wasiopungua 10 hawakuwepo shambani. Kama zile fedha zingelipwa na mkaguzi wa hesabu akaja kugundua baadaye, mfadhili angekataa gharama hiyo na kudai arudishiwe, na shirika dogo halina mfuko wa kurudishia. Nimeona mashirika yakifungwa kwa madai madogo kuliko unavyodhani, na kitalu kikabaki na miche isiyo na mnunuzi. Tangu siku ile ya kovu sijawahi kuona haya kuomba kitambulisho. Naona haya kumcheleweshea mjane. Hayo ni mambo mawili tofauti, na kosa letu ni kuyafanya yaonekane kama jambo moja.

Kuna na mambo ambayo hayaonekani kabisa kutoka Nessuit. Mwishoni mwa Januari 2024 dola moja ilikuwa ikibadilishwa kwa karibu shilingi 160. Kufikia Aprili ilikuwa imeshuka hadi karibu 130. Ruzuku ya dola 50,000 iliyoonekana kama shilingi milioni 8 ikageuka kuwa milioni 6.5 bila mtu yeyote kuiba hata senti. Tofauti hiyo, kwa bei ya kitalu chetu, ni miche 75,000. Sisi tulikuwa tumepanga bajeti kwa shilingi 140, baada ya mabishano marefu ofisini, kwa sababu sikuamini kwamba kiwango kile kingedumu. Pengo letu likawa nusu milioni. Waliopanga kwa 155 waliwaachisha watu kazi.

Kisha ikaja Januari 2025, Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje. Misaada mingi ya aina hiyo hulipwa kwa kurudishiwa: unatumia kwanza, unapeleka madai, unalipwa baadaye. Waliokuwa wameshalipa vibarua na kununua miche wakabaki wakingoja. Aliyekuwa na akiba ya miezi michache alivuka. Asiyekuwa nayo alifunga mlango. Na akiba hutoka wapi? Hutoka kwenye ile ile sehemu ya gharama za uendeshaji ambayo kila mtu anataka ipunguzwe. Serikali hiyo hiyo ya Marekani, miezi mitatu tu kabla, Oktoba 2024, ilikuwa imepandisha kiwango cha gharama hizo kwa wapokeaji wasio na makubaliano maalum kutoka asilimia 10 hadi 15. Ilikuwa imekubali kwamba 10 haitoshi.

Wenzangu wengi katika fani hii huishia hapo na kuona wameshinda. Mimi naona bado hatujamjibu mzee. Kila nilichoeleza kinaonyesha kwamba mhasibu hulinda pesa. Yeye aliuliza habari za miti.

Ruzuku zetu nyingi ni za miezi 12. Pesa hufika mwezi wa nne au wa tano, mvua zikiwa zimeshaanza, na lazima ziishe kabla ya Desemba. Bajeti ina mstari wa kununua miche, mstari wa usafiri, mstari wa kuchimba mashimo na kupanda. Palizi haina mstari, wala maji ya kumwagilia, wala mlinzi wa kufukuza mbuzi. Mche uliopandwa Mei huanza kuuawa na jua la Januari na Februari, wakati hesabu za mradi zimeshafungwa, risiti zimepangwa kwa tarehe na mkaguzi ametia sahihi ripoti safi. Vitabu vyangu vikisema miche 10,000, vinasema kweli: tulinunua 10,000. Ni miche mingapi iko hai? Hakuna safu ya kuandika hilo. Hata kampeni ya taifa ya miti bilioni 15 kufikia 2032, iliyotupa hata sikukuu ya kupanda tarehe 13 Novemba 2023, hutangaza zaidi idadi iliyopandwa. Hapa ndipo lawama inapotufaa sisi wa fedha, maana sisi ndio tunaochora zile safu.

Na dawa yake haikuhitaji kutoka mbali. Wangari Maathai alipoanzisha Green Belt Movement mwaka 1977, akina mama walilipwa kiasi kidogo kwa kila mche ulioshika na kubaki hai. Watu humkumbuka kwa ujasiri wake na kwa tuzo ya Nobel ya 2004. Mimi kama mhasibu namheshimu pia kwa mpango ule wa malipo: pesa ilifungwa kwenye uhai wa mti, si kwenye risiti ya mche.

Hata hivyo siwezi kuuchukua mpango huo mzima mzima na kuuleta Nessuit. Kulipa kwa mche ulio hai kunamtwika mama hatari yote. Akibeba maji mwezi baada ya mwezi, kisha ukame ukamshinda, anabaki mikono mitupu, na mimi na mshahara wangu tunabaki salama. Haifai aliye na kidogo zaidi ndiye abebe bima ya hali ya hewa. Msimamo wangu, ambao nimeupigania katika bajeti mbili zilizopita na kuupata katika moja, ni huu: kazi ilipwe kama kazi, upanzi na palizi, iwe mvua au jua, kisha iwepo nyongeza kwa miche itakayohesabiwa hai baada ya miezi 12 na tena baada ya 24. Hasara ya ukame ibebwe na shirika, kutoka kwenye akiba.

Angalia kinachofuata. Mpango huo unataka hesabu nyingi zaidi, na mhasibu atakayebeba fedha kutoka mwaka mmoja hadi mwingine bila kuzichanganya na za mradi mwingine. Asilimia ya ofisi itapanda, na mfadhili anayetazama namba moja atatuona wabaya kuliko jirani anayepanda na kuondoka. Nitakubali kuonekana hivyo. Ila nami lazima nilipie asilimia hiyo kwa miguu: mhasibu ambaye hajawahi kusimama kwenye shamba analolilipia hana uwezo wa kujua kama ripoti yake ni ya kweli.

Vijana wanaomaliza Chuo Kikuu cha Egerton huniuliza kama waichukue kazi ya namna hii. Nawaambia ukweli: sacco itawalipa vizuri zaidi, na mkataba wa huku huisha ruzuku inapoisha. Wanaobaki ni wale wanaotaka kujua mti uliendeleaje.

Februari hii nilirudi Nessuit kuhesabu. Mzee alitangulia na fimbo, nami nikafuata na daftari. Mstari wa kwanza ulikuwa na mashimo 25. Miche 16 ilikuwa hai, 8 imekauka, na mmoja ulikuwa umekatwa na mbuzi karibu na ardhi lakini shina linachipua upande mmoja, majani mawili madogo. Akaugusa kwa ncha ya fimbo na kuniuliza huo tunauandika wapi. Nikauandika kwenye safu ya walio hai, nikatia alama ya swali pembeni, tukaingia mstari wa pili.