Vigezo Viandikwe Kabla Bahasha Haijafunguliwa

Nafasi zilikuwa mbili tu, za mtunza stoo. Maombi yaliyoletwa ofisini kwetu hapa Kigoma mjini yalipita mia nne, nasi tulikuwa watatu, tumepewa siku mbili.

Asubuhi tulisoma kila barua mpaka mwisho. Ilipofika saa nane mchana tulishachoka, na bila hata kukubaliana tukaanza kutafuta sababu za kuwatoa watu: huyu kaandika kwa mkono, huyu kasoma shule tusiyoijua. Tangazo letu halikuwa na neno hata moja kuhusu mambo hayo. Waliobahatika bahasha zao kuwa juu walisomwa. Wa chini walipimwa kwa uchovu wetu. Nilisaini ile orodha, na mpaka leo inaniuma.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu: vigezo viandikwe na kupewa alama kabla bahasha ya kwanza haijafunguliwa, na viwe vilevile vilivyotangazwa. Majina yafunikwe, kila ombi lipewe namba. Mji wetu ni mdogo. Jina la ukoo peke yake laweza kukuambia kwamba huyu ni mtoto wa fulani wa Ujiji.

Awamu iliyofuata tulifanya hivyo. Mchujo wa kwanza uliuliza maswali ya ndiyo au hapana tu: ana cheti kilichotajwa, hana? Waliobaki tuliwapa kazi ya dakika 25: leja ya stoo yenye makosa, wayatafute na kuyarekebisha. Tulisahihisha swali la kwanza kwa wote, ndipo tukaenda la pili, watu wawili kila mmoja na karatasi yake ya alama. Aliyeongoza alikuwa dada aliyekuwa akiweka hesabu za wauza dagaa Kibirizi. Barua yake ya maombi ilikuwa ya mkono, kwenye karatasi ya daftari.

Wapo wanaosema njia hii inakula muda. Sisi tulimaliza kusahihisha kwa alasiri moja, bila ubishi.

Jambo la nauli nalo lizingatiwe. Mwaka 2014 zaidi ya watu elfu kumi walikusanyika Uwanja wa Taifa, Dar es Salaam, kusailiwa kwa nafasi 70 za Uhamiaji. Mtu wa huku aliyefika pale alikuwa amevuka nchi nzima. Usaili wa walimu wa mwaka 2025 ulifanyika mikoani, na hilo nalipongeza kwa moyo wote. Nasi wa ofisi ndogo tufuate: wa Kibondo na Kakonko wafanyie mtihani wao hukohuko, mjini waitwe wale wachache wa mahojiano.

Na waliokosa waambiwe. Meseji moja yenye alama walizopata na alama iliyohitajika inatosha, ili mtu asiendelee kukataa vibarua akisubiri simu yetu.