"The Message" haikuwa taarifa ya habari

Kila mjadala wa nyimbo kongwe za hip hop ukianza, "The Message" ya Grandmaster Flash and the Furious Five hutajwa mapema. Ulitoka Julai 1982 chini ya Sugar Hill Records. Mwaka 2002 Maktaba ya Bunge la Marekani iliuingiza katika kundi la kwanza la rekodi 50 za kuhifadhiwa kwa niaba ya taifa, ukawa wimbo wa kwanza wa hip hop kupewa nafasi hiyo. Mwaka 2007 kundi lenyewe likawa la kwanza la hip hop kuingia katika Rock and Roll Hall of Fame, ukumbi wa heshima wa wanamuziki, na mwaka 2012 jarida la Rolling Stone likauweka wimbo huu namba 1 katika orodha yake ya nyimbo 50 bora za hip hop.

Heshima hizo zote ndizo zinazowatia baadhi ya watu shaka. Wanasema wimbo huu unaheshimiwa kuliko unavyopendwa. Walimu wanautumia darasani kwa sababu unaeleza umaskini wa New York ya miaka ile, na wakosoaji wa magazeti wanaupandisha juu kwa sababu una mafunzo, jambo linalowarahisishia kusema kwamba hip hop nayo ni sanaa ya maana. Wanauliza, ukiuondolea historia yake, kunabaki nini cha kumfanya kijana wa leo auweke masikioni?

Ni swali la haki, na sehemu ya lawama inawaangukia watetezi wenyewe. Utetezi unaosikika zaidi ni kwamba huu ndio wimbo wa kwanza wa rap kusema shida za mtaani. Si kweli. Mwaka 1980 rapa Brother D alikuwa tayari amerekodi rap ya siasa kavukavu, na rapa mwenzake Kurtis Blow alikuwa ameimba ugumu wa maisha. The Last Poets, kundi la washairi, walikuwa wakighani hasira za Harlem, mtaa wa watu weusi wa New York, tangu mwisho wa miaka ya 1960. Kama thamani ya "The Message" ni kutangulia, basi haina thamani hiyo.

Utetezi wa pili ni kwamba wimbo ulikuwa gazeti la siku zake. Hapa ndipo inapofaa kuyasikiliza maneno yenyewe na kalenda mkononi. Katika ubeti mmoja msimulizi analalamika kwamba hawezi kupanda treni kwenda kazini kwa sababu kuna mgomo kituoni, na kwa pumzi hiyohiyo anataja mfumuko wa bei wa tarakimu mbili. Mgomo huo ulikuwepo kweli: wafanyakazi wa treni na mabasi ya jiji la New York waligoma kwa siku 11 mwanzoni mwa Aprili 1980. Mfumuko wa bei wa mwaka huo nchini Marekani ulikuwa takriban asilimia 13.5. Lakini wimbo ulitoka 1982. Mgomo ulikuwa umekwisha zaidi ya miaka miwili nyuma, na mfumuko wa bei ulikuwa umeshuka hadi takriban asilimia 6. Kilichowakaba watu zaidi mwaka huo kilikuwa ukosefu wa ajira, uliovuka asilimia 10 kabla mwaka haujaisha, ilhali msimulizi wetu ana kazi. Shida yake katika mstari ule ni namna ya kuifikia.

Nalikazania hili kwa sababu linabadilisha swali lenyewe. Tumezoea kuuliza imekuwaje wimbo uliofungwa na mwaka wake ukadumu miaka zaidi ya 40. Kumbe haukuwahi kufungwa na mwaka wake. Siku ulipoingia madukani, habari zake zilikuwa zimeshachacha, na watu walioununua walijua fika kwamba treni zinatembea. Waliununua hata hivyo, na haukuwachukua muda kuufikisha nafasi ya 4 katika chati ya muziki wa watu weusi. Kama wao hawakuuhitaji uwe habari, kwa nini sisi tuudai uwe historia?

Ubeti wa mwisho ni mkongwe zaidi ya hapo. Melle Mel, rapa wa kundi hilo, alikuwa ameshaughani mwaka 1979 katika "Superrappin'", rekodi ndefu ya kundi hilohilo chini ya Enjoy Records. Maneno ni karibu yaleyale: mtoto anazaliwa hajui lolote, anakulia mtaa wa dhiki, anawahusudu wauza unga na makuwadi wenye magari makubwa, anaacha shule, anaanza kupora, anafungwa, na mwisho anakutwa amejinyonga. Mwaka 1979 maneno hayo yalipita katikati ya majigambo na shangwe, juu ya mdundo wa kuchezea dansi, na rapa aliyefuata akaendelea na sherehe. Miaka mitatu baadaye yakawa ubeti unaonukuliwa kuliko karibu ubeti wowote wa enzi ile. Mtu yule yule, maneno yale yale.

Kilichobadilika ni mahali pa kuyaweka. Mdundo wa "The Message" unatembea taratibu kuliko rap nyingi zilizokuwa zikirekodiwa wakati huo, na una nafasi tupu nyingi. Ngoma zinapiga, kinanda cha elektroniki kinateremka na kamstari kake kafupi, kisha kimya kidogo. Hakuna kinachomharakisha msemaji. Anaweza kutaja vioo vilivyovunjika, wanaokojoa kwenye ngazi, panya sebuleni na mende chumba cha nyuma, kimoja kimoja, kama mtu anayehesabu deni. Ndani ya utaratibu huo kuna ufundi ambao haupigiwi makofi ya kutosha: kwa dakika kadhaa msimulizi anasema "mimi". Mimi nilitaka kuhama, gari langu likavutwa na wanaonidai. Mke wangu anatishwa na simu za wadai. Mwanangu hataki shule. Ukifika ubeti wa mtoto, "mimi" inatoweka na inakuja "wewe". Wewe utakulia hapa, wewe utaiga hawa, wewe utafungwa. Msikilizaji aliyekuwa amekaa pembeni akimwonea mtu huruma anajikuta ndiye anayehukumiwa.

Halafu kuna kicheko. Baada ya kusema kwamba anajitahidi asichanganyikiwe, msemaji anacheka kicheko kikavu kinachofuata mdundo, silabi kwa silabi. Hakuna kilichomchekesha. Kila kiitikio kikirudi, kicheko kinarudi nacho, na kwa kuwa kati ya kiitikio na kiitikio mambo yamezidi kuharibika, kicheko kilekile kinazidi kutisha bila kubadilika hata kidogo. Onyo lake kwamba asisukumwe, yuko ukingoni, linatolewa kwa sauti ya mtu anayejitahidi asipige kelele. Hicho hakihitaji maelezo ya darasani. Kinaeleweka na mtu yeyote aliyewahi kubana hasira mchana kutwa mbele ya watu.

Wapinzani wana jibu, na ndilo jibu lao bora. Wanasema kama ni mdundo unaobeba kila kitu, basi tuusifu mdundo na tuache maneno. Ushahidi wao ni wa mwaka 1997. Marapa Puff Daddy na Mase waliuchukua mdundo huohuo, wakaweka juu yake maneno ya kujisifia mafanikio, na "Can't Nobody Hold Me Down" ikakaa namba 1 kwenye Billboard Hot 100, chati kuu ya nyimbo Marekani, kwa wiki sita. "The Message" yenyewe, katika chati hiyohiyo mwaka 1982, haikupita nafasi ya 62.

Namba hiyo 62 inatupwa katika mabishano kana kwamba inamaliza kesi. Inanikera, maana haipimi kinachodaiwa. Hot 100 ilihesabu mauzo pamoja na nyimbo zinazopigwa redioni, na mwaka 1982 redio nyingi za Marekani hazikuwa na nafasi ya rap, achilia mbali rap ya zaidi ya dakika saba inayomalizika kwa polisi kuwakamata vijana waliosimama tu barabarani. Uingereza, ambako milango haikuwa imefungwa kwa namna ileile, wimbo ulifika nafasi ya 8. Kwa hiyo 62 inatueleza zaidi juu ya redio za Marekani kuliko juu ya wimbo. Na kufikia 1997 redio hizo zilikuwa zimefunguka, tena zilifunguliwa na kizazi kilicholelewa na rekodi kama hii.

Hata hivyo nakubali nusu ya hoja yao. Mdundo una uhai wake. Ice Cube naye aliutumia mwaka 1993 katika rimiksi ya "Check Yo Self", na ulimkaa vizuri. Ila tuzitazame rekodi tatu pamoja. Mwaka 1979 tuna maneno bila mdundo huu, na yalipita bila kushtua. Mwaka 1997 tuna mdundo bila maneno haya, na tulipata wimbo wa kufurahia pesa ambao ulifanya kazi yake vizuri. Rekodi inayoingia katika kila orodha ni ile ya 1982, ambamo viwili hivi vilikutana. Sioni namna ya kuvitenganisha bila kuharibu kimojawapo.

Kuna lawama mbili ambazo utetezi huu hauzifuti. Ya kwanza ni lugha. Ndani ya wimbo mna matusi ya wazi kwa mashoga, likiwemo lile la ubeti wa mwisho kuhusu kilichompata kijana gerezani, ambalo linafanya ubakaji uonekane ni aibu ya aliyebakwa. Anayeusifu wimbo kwa kuwaonea huruma wanyonge aseme pia kwamba huruma hiyo ilikuwa na mipaka.

Ya pili ni kwamba wimbo ulichangia kumsahaulisha DJ. Hip hop ya Bronx, sehemu ya New York ilikozaliwa, ilijengwa na mikono juu ya sahani za santuri, na Flash alikuwa mmoja wa mafundi wake wakubwa. Katika rekodi hii iliyobeba jina lake hamna santuri inayosuguliwa, na yeye hana mkono katika muziki wake. Wimbo ulitungwa kwa sehemu kubwa na Ed Fletcher, aliyejulikana kama Duke Bootee, mpigaji ala wa studio kutoka Elizabeth, New Jersey. Mwenye kampuni ya Sugar Hill, Sylvia Robinson, ndiye aliyeusukuma. Kundi halikuutaka, na kati yao Melle Mel peke yake ndiye anayeghani humo, akipokezana na Fletcher. Kwenye video, sehemu za Fletcher zinachezeshwa mdomo na Rahiem, mwanakundi mwingine. Mwaka uliofuata Flash alikuwa mahakamani na kampuni hiyo, na kundi likapasuka.

Wapo wanaotumia kisa hiki kusema wimbo ni bandia, wa mtaa usiokuwa wa mtunzi wake. Mimi naona kinathibitisha kinyume. Mtu wa New Jersey aliyesoma chuo, anayeandika juu ya mgomo uliokwisha, pamoja na ubeti wa Melle Mel wa sherehe ya zamani, alitengeneza kitu ambacho watu wa Bronx walikikubali kuwa chao. Hiyo ni kazi ya mtunzi. Malalamiko ya Flash yana haki yake, lakini yanahusu jina lililobandikwa kwenye lebo na pesa zilizofuata, si ubora wa kilichomo kwenye sahani. Fletcher baadaye alikwenda kufundisha, akawa mhadhiri katika Chuo Kikuu cha Savannah State, na alifariki Januari 2021. Katika orodha nyingi zinazouweka wimbo wake kileleni, jina lake halipo kwenye mstari wa juu, na hilo bado linaweza kurekebishwa na yeyote anayeandaa orodha inayofuata.