Wingu sawa, lakini ufunguo anao nani?

Juzi kulikuwa na semina ya kina mama wa vyama vya akiba hapa Langoni, Lamu. Kijana wa mradi fulani, shati limepigwa pasi likapigika, akawaambia daftari ni mambo ya zamani: wekeni kila kitu kwenye wingu, hakipotei. Mweka hazina mmoja akauliza, "Mwanangu, hivyo vitu vyetu vitakuwa wapi hasa?" Kijana akacheka. "Vitakuwa juu, mama." Ukumbi mzima ukaangua kicheko.

Mimi sikuona cha kuchekesha.

Juu hakuna kitu. Kuna seva, yaani kompyuta za kuhifadhia vitu vya watu, maelfu kwa maelfu, zimepangwa kwenye majumba yenye viyoyozi, tena ni mali ya watu. Amazon walianza kukodisha zao mwaka 2006. Leo majumba hayo yapo hata Johannesburg na Cape Town. Wewe ni mpangaji tu, na mwenye nyumba anahangaika na umeme na wezi. Kufika huko ni kwa nyaya zilizolazwa chini ya bahari. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za namna hiyo, EASSy na Seacom, zilipokatika, mtandao ulichechemea Afrika Mashariki nzima. Majumba nayo huungua: la kampuni ya OVH kule Strasbourg, Ufaransa, liliteketea Machi 2021 na wako wateja ambao data zao hazikurudi. "Hakipotei" ni maneno ya muuzaji.

Haya, nikubali shingo upande: simu ikitumbukia baharini pale jeti, picha za arusi zitabaki. Na kijihoteli cha Shela hakina haja ya kununua seva ili kipokee wageni.

Kilichonipandisha mori ni kingine. Kijana alifungua akaunti ya Google ya chama, na alipofika penye nambari ya simu ya kurejeshea akaunti, akaandika yake. "Ili iwe rahisi." Rahisi kwa nani? Siku nenosiri likisahaulika, Google hawatapanda boti kuja Amu kumtafuta mwenyekiti. Watatuma nambari za uthibitisho kwenye laini ile ile, na mwenye laini ndiye anayeingia. Je, mradi ukiisha? Akibadilisha laini? Akikorofishana na viongozi? Akiba ya watu, mikopo yao, nambari zao za vitambulisho, vyote vimening'inia kwenye mfuko wa suruali ya mgeni! Sheria ya Ulinzi wa Data hapa Kenya tunayo tangu 2019. Haikupewa hata dakika moja, ila picha ya pamoja ilipigwa mpaka jua likatuchoma.

Wala hakusema kwamba nafasi ya bure ya Google ni GB 15, barua pepe na picha zote humo humo, na ikijaa hata barua haziingii. Wala kwamba akaunti isiyoguswa miaka miwili inaweza kufutwa.

Kina mama, wekeni nambari za viongozi wenu wawili, ya kijana itoeni leo. Kila mwisho wa mwezi chapisheni jedwali la akiba na mikopo kwenye karatasi. Daftari liendelee kuandikwa, hata wakiwacheka. Na nasikia semina ijayo ni Mokowe: huko waanze na hili la nambari ya simu, kabla ya soda na bahasha za nauli.