Anayehama na kazi yake sio mzamiaji

Hapa Moshi ukisema kijana wa fulani kahamia Mauritius au Ureno, wazee wanasikia neno moja tu, kazamia. Nawaelewa, maana zamani aliyeondoka alienda kutafuta kazi hukohuko, akabeba maboksi, miaka 20 ikapita bila hata kuonekana msibani. Ila hizi viza za kukaa muda mrefu kwa wanaofanya kazi mtandaoni zimekaa kinyume kabisa, na hapo ndo watu hawapaangalii.

Chukua ile ya Mauritius inayoitwa Premium, ilianza 2020. Wanataka uoneshe kipato cha angalau dola 1,500 kwa mwezi, hela itoke nje ya Mauritius, na kazi za wenyeji huruhusiwi kugusa. Hiyo 1,500 mi naifikiria sana. Ni zaidi ya milioni 3 na nusu za kwetu, na unatakiwa uwe unaipata tayari ukiwa hapahapa Moshi, Rau au Soweto, kabla hujakata tiketi. Yani viza haikupi kazi, inakukuta nayo. Sasa mtu ambaye ameshaweza akiwa nyumbani, tunasemaje kashindwa maisha? Ureno ndo kabisa, wanataka mara 4 ya kima chao cha chini cha mshahara, mwaka 2025 ilikuwa euro 3,480 kwa mwezi, na kima kikipanda na wewe umepandishiwa.

Basi kama hela anayo anaondoka kwanini? Mwulize Mei 2024 alikuwa na hali gani nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika mtandao ukawa unakokota, au Oktoba 2025 wakati wa uchaguzi intaneti ilipozimwa nchi nzima. Mteja yuko Ujerumani anasubiri kazi yake, mara ya kwanza ataelewa, mara ya pili anatafuta mtu mwingine. Fundi cherehani umeme ukikatika anakanyaga kwa mguu, huyu hana cha kukanyaga.

Wanaopinga nao wana hoja. Zile dola zingeliwa hapa, kwa mwenye nyumba, kwa mama wa ndizi pale Mbuyuni, sasa zinaliwa Port Louis kule Mauritius. Mkataba ukikatika ukiwa huko huwezi kuomba hata kazi ya dukani, na ukipitisha siku 183 kwa mwaka unahesabiwa mkazi kwenye mambo ya kodi, yani nchi hiyo inaweza kukudai kodi ya kipato. Halafu mzazi akiugua ghafla hasubiri ndege, hilo linaniuma na sina jibu lake.

Lakini jamani, Mchaga aliyefungua duka Kariakoo hatujawahi kumwita mtoro hata siku moja, tunamsubiri Disemba aje kihambani, shamba la nyumbani, achinje mbuzi tule. Naye alifuata palipo na soko. Viza ya Mauritius ni ya mwaka mmoja, unaongeza ukitaka, na saa tunapishana moja tu, mama akimpigia toka Marangu saa 2 usiku, kule ni saa 3 na mtoto bado yuko macho.