Kakapo: tumlee mpaka lini?

Mwaka 1995 kakapo, kasuku wa New Zealand, waliojulikana kuwa hai walikuwa 51 tu. Kufikia 2022 walikuwa 252. Kila mmoja ana jina, na karibu wote wamevishwa kifaa cha redio mgongoni. Wapo wanaosema huo si uhifadhi tena, ni ufugaji. Lawama hiyo haipaswi kupuuzwa, ingawa naona imelenga pembeni.

Kakapo ni mzito kuliko kasuku wote duniani, hutembea usiku na hawezi kuruka. Akihisi hatari hujikausha tuli. Mbinu hiyo ilimfaa zamani, adui alipokuwa tai anayewinda kwa macho. Wakaja panya na paka, kisha miaka ya 1880 wakaletwa stoti, jamii ya kicheche, ili wapunguze sungura. Hao huwinda kwa pua, na kakapo ananukia. Jike naye hulea peke yake, na akitoka usiku kutafuta chakula, mayai na makinda hubaki bila mlinzi. Isitoshe, huzaa kila baada ya miaka miwili hadi minne, miti ya rimu inapojaa matunda.

Kwa ndege wa namna hiyo, kukaa kando ni sawa na kumzika. Mhifadhi Richard Henry aliyaona haya mapema: katika miaka ya 1890 alihamishia mamia ya ndege wasioruka kwenye kisiwa cha Resolution, lakini mwaka 1900 stoti akaonekana huko, ameogelea kutoka bara. Leo waangalizi huhesabu mayai, huokoa makinda dhaifu na kufanya uhimilishaji kama ule wa ng'ombe. Mwaka 2019 makinda zaidi ya 70 yalinusurika. Mwaka huohuo ugonjwa wa mapafu unaoletwa na kuvu uliua ndege 9. Wengine waliougua walisafirishwa hadi hospitali wakapona.

Hata hivyo, mkono wa binadamu nao umewahi kuharibu. Majike walipopewa chakula cha ziada, walionona walizaa madume kwa wingi, na madume ndiyo yaliyokuwa yamezidi tayari. Ilibidi mgao upimwe kulingana na uzito wa kila jike. Nia ilikuwa njema kabisa.

Hofu ya damu kukaribiana nayo haikosi msingi, kwani mayai mengi hayana mbegu hai. Lakini utafiti wa jeni uliotolewa 2021 ulileta jambo la kushangaza: kakapo wa kisiwa cha Rakiura, waliojitenga kwa maelfu ya miaka, wana mabadiliko mabaya ya jeni machache kuliko ndugu zao wa bara waliotoweka. Uchache peke yake, basi, si hukumu ya kifo.

Kinachobana sasa ni ardhi. Visiwa visivyo na maadui, kama Whenua Hou, ni vichache na vinajaa. Mwaka 2023, Idara ya Uhifadhi na kabila la Ngāi Tahu walipeleka madume kadhaa Maungatautari, msitu wa bara uliozungushiwa uzio wa kilomita 47. Baadhi yao walitoka nje ya uzio. Walipatikana kwa sababu ya vile vifaa vya redio vinavyolalamikiwa.

Anayetaka kakapo aishi bila mlezi, basi adai kwanza panya na paka waondolewe Rakiura, kisiwa kikubwa kuliko hifadhi zote alizonazo kakapo leo. Serikali imelenga kuondoa maadui hao nchi nzima ifikapo 2050. Kwa sasa ningepunguza kupima makinda na kuokoa kila yai, hata kama makinda mengine yatakufa. Ukaguzi wa panya kwenye kila boti inayoenda visiwani nisingeugusa.