Mbweha wa Leyton na Mgongo Wangu

Anayedhani Ulaya wanyama wote wako kwenye bustani za kutazamwa, aje Leyton, mashariki ya London, alale kwangu usiku mmoja wa Januari. Mmoja tu. Godoro nitampa.

Januari ndiyo mbweha wanatafutana. Basi jike anapanda juu ya banda la jirani saa nane za usiku, anaachia yowe. Si kubweka, yowe! Mara ya kwanza niliamini kuna mtu anachinjwa. Nilishuka na mwiko wa ugali mkononi, ndiyo silaha iliyokuwa karibu, nikachungulia: mama mwekundu, mkia mnene, anamwita mume. Baridi inauma hadi kwenye fizi, yeye ana hamu ya ndoa. Na mimi saa kumi na moja natakiwa kituoni kusubiri basi la kwenda kazini.

Nilipiga simu ofisi ya serikali ya mtaa. Dada wa watu akanieleza kwa adabu kwamba mbweha hahesabiwi na panya, na sheria haiwalazimishi wao kumwondoa. Akaniuliza kama pipa langu la takataka lina mfuniko mzuri. Pipa! Mtu anakulilia usiku kucha, unaambiwa suala ni mfuniko.

Sasa ukiwauliza wenyeji watakwambia hawa walianza kuzoea mji kwenye miaka ya 1930, London ilipotanuka na kila nyumba ikapewa uwanja nyuma. Maana yake wana ukaazi mrefu kuliko karibu wote tunaoishi mtaa huu, na hakuna hata mmoja aliyeambiwa alete barua ya benki. Halafu wanadekezwa. Mwaka 2011, jengo la Shard likiwa bado linajengwa, mbweha mmoja alipanda ngazi hadi ghorofa ya 72, akawa anaishi huko kwa mabaki ya chakula cha mafundi. Wakamwita Romeo. Wakamshusha taratibu, wakampeleka kwa daktari wa wanyama, wakampa chakula, wakamwachia huru. Mimi nilipotaka kupanda jengo hilohilo niliambiwa kwanza nikate tiketi, nikaiona bei, nikaliangalia kutokea chini kama mwenge.

Yote hayo ningeyavumilia. Balaa lilianza Mama Salma alipopenda kupiga picha.

Alinunua ile kamera ya kufunga kwenye mti. Kiumbe chenye joto kikipita, inajipiga yenyewe, gizani, kwa mwanga usioonekana kwa macho. Asubuhi unachomoa kadi unaangalia mavuno. Mavuno yetu: paka wa jirani. Paka wa jirani kwa ubavu. Tawi. Mkia wa kitu. Na mimi, msuli umefungwa vibaya, nimebeba mfuko wa takataka, uso wa mtu aliyekosewa na dunia nzima. Hiyo ya mwisho iliingia kwenye kundi la WhatsApp la ukoo kabla sijapiga mswaki.

Mama yangu akapiga kutoka Tanga. Alikuwa amesikia ile sauti kwenye video. "Mwanangu, kitu kinalia usiku kama mwanamke, uani kwako, na wewe unakipiga picha? Hicho kimetumwa." Nikamwambia mama, huku ndivyo walivyo. Akasema hata huko watu wana maadui.

Mama Salma hakutetereka. Akahamia kamera ya mkononi. Flashi marufuku, macho ya mbweha yana kitu nyuma yake kinachorudisha mwanga, utapata taa mbili za kijani na manyoya. Kwa hiyo lazima jioni, kabla giza halijaingia. Tena lazima ulale chini, maana anasema picha ya mnyama hupigwa usawa wa macho yake. Macho ya mbweha hayafiki goti langu. Na magoti ya Mama Salma yana matatizo, hivyo wa kulala kwenye majani mabichi ni Baba Salma.

Mwisho wa Aprili ndiyo vitoto vinaanza kutoka nje. Vinazaliwa mwezi Machi, havioni, vinne au vitano. Shimo lenyewe liko chini ya banda letu la baiskeli, kodi nalipa mimi. Nikalala kifudifudi, koti la mvua, kamera puani. Mzee wa Kiingereza jirani akatoa kichwa juu ya uzio. Uswahilini ningeulizwa na watu ishirini, kumi wangelala nami. Huyu alinitazama, akasema jioni ni nzuri leo, akaingia ndani.

Mbweha akatoka. Sogea, sogea, mwanga safi kabisa, vidole vinatetemeka. Akanipita. Akaenda mlangoni, akachukua kiatu changu cha kazini, cha kushoto, akarudi nacho shimoni mbele ya macho yangu. Wanapenda sana viatu, vitoto vinatafuna. Mwaka 2020 kule Berlin, Zehlendorf, mmoja alikutwa na hazina ya viatu zaidi ya 100. Huyo angepata fremu Kariakoo. Wangu yeye ni wa kushoto tu, vya kulia vinanisubiri kwenye kabati kama wajane.

Siku hizi kuna mmoja mkia umenyonyoka, tunamwita Kipara. Ukurutu ule si mchezo: mwaka 1994 uliingia Bristol ukafagia zaidi ya asilimia 90 ya mbweha wa mji ule. Na hata mzima, mbweha wa mjini wengi hawapiti miaka miwili. Mama Salma alipoituma picha yake, ukoo mzima ukaingia kwenye maombi.

Jumapili mama kapiga tena. Nilikuwa nimelala, nachuliwa mgongo kwa dawa.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Hamjambo huko?"

"Hatujambo, ila huu mgongo mama..."

"Kipara amekula?"