Mkato mmoja, mizigo mbalimbali

Mkutano uliitishwa saa nane, ukaanza saa tisa kasorobo, na muda si muda ubao wa darasa la nne ulikuwa na namba mbili tu: 22,244 na 16,900. Tulikuwa Likoni, Mombasa, wazazi tumebanana kwenye madawati ya watoto, tukimsikiliza katibu akisoma barua itakayopelekwa Bungeni kupinga kupunguzwa kwa fedha za shule. Kila aliyesimama alizipigia kelele namba zile. Kisha mama mmoja aliyekaa karibu na mlango, mwanawe wa miaka kama tisa amemlalia mapajani, akauliza: "Samahani mwalimu, na gari la shule limo humo?" Gari lililokuwa likimchukua mtoto wake lilisimama muhula uliopita kwa kukosa mafuta. Mwalimu akautazama ubao, akairudia barua. Halikuwamo.

Kwa asiyefuatilia mambo haya, namba zenyewe zilitoka Nairobi. Julai 2025 Waziri wa Fedha wa Kenya, John Mbadi, aliiambia kamati ya elimu ya Bunge la Taifa kwamba serikali haimudu tena shilingi 22,244 kwa mwaka kwa kila mwanafunzi wa shule ya upili ya kutwa, na kwamba kinachowezekana ni kama 16,900, yaani pungufu kwa karibu robo. Nchi ikachemka, na wakubwa wakajitokeza kusema elimu bila malipo ingalipo. Walimu wakuu, kwa upande wao, hawakushtuka sana. Mwaka huohuo ukaguzi wa Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali ulionyesha kwamba kwa muda wa miaka minne shule zilikuwa zimepunjwa zaidi ya shilingi bilioni 100. Yaani ile 22,244 tuliyokuwa tukiitetea pale Likoni ilikuwa haifiki kamili tangu zamani. Waziri alikiri tu jambo lililokwisha kutendeka.

Serikali nayo ina hoja, na mkutanoni hatukuitendea haki. Bajeti ya 2025/26 iliipa sekta ya elimu shilingi bilioni 702.7. Zaidi ya nusu ya hizo zinakwenda kwa Tume ya Kuajiri Walimu, na mshahara wa mwalimu huuchezei, maana mwalimu ana chama na chama kina mgomo. Hazina ikibanwa, panapobaki pa kukata ni kwenye vitu visivyogoma: chaki, maji, stima, ujira wa mpishi, mafuta ya gari. Tena sisi wenyewe, Juni 2024, tuliukataa Mswada wa Fedha hadi ukaondolewa. Binafsi nauona uamuzi ule ulikuwa wa haki. Lakini waziri akisema kodi mlizikataa na huduma mnazitaka, huwezi kumjibu kwa kuimba tu.

Tena kuna wanafunzi hewa. Ukaguzi uleule uliowapa wazazi hoja uliipa serikali hoja pia: kuna fedha zilizopelekwa kwa shule zisizokuwapo. Kila barua ya wazazi inapofika Nairobi ikidai "rudisheni zote", jibu liko tayari: hesabuni kwanza. Na sisi wa Mombasa tuna kichekesho chetu cha pembeni. Kila mwaka walimu wakuu wa nchi nzima hushuka hapa kwa mikutano yao, hoteli za Nyali na Bamburi zikajaa, na hotuba ya kwanza huwa ni shule hazina pesa. Najua mikutano ile ina kazi yake. Ila mzazi anayeuza viazi karai mbele ya lango la hoteli haoni ajenda, anaona magari.

Wanaoandamana, nao, wana Katiba mkononi. Ibara ya 53 inampa kila mtoto elimu ya msingi ya bure na ya lazima. Ya 54 inampa mwenye ulemavu haki ya kufika katika taasisi za elimu zinazomfaa. Iliyo na makali kuliko zote ni ya 20, fungu la tano: serikali ikidai haina uwezo wa kutekeleza haki za kijamii na kiuchumi, mzigo wa kuthibitisha hivyo ni wake. Raia hatakiwi kuonyesha kwamba pesa zipo. Sijui kwa nini fungu hilo halisomwi kwa sauti kwenye mikutano kama ule wetu. Na kelele zina faida: mwaka 2025 fedha za mitihani ya kitaifa ziliondolewa katika makadirio ya bajeti, watu wakalalamika, Bunge likarudisha shilingi bilioni 5.9.

Hata hivyo, swali la yule mama lilikuwa bado linaning'inia, na kwangu mimi ndilo lililokuwa zito kuliko ubao mzima.

Mtoto wa shule ya msingi ya umma anahesabiwa shilingi 1,420 kwa mwaka. Gawanya kwa siku za masomo, unapata kama shilingi nane kwa siku, haifiki bei ya hamri moja. Mwenye mahitaji maalum huongezewa 2,300, ambapo jumla inakuwa kama shilingi 20 kwa siku. Katika shule ya upili nyongeza ni kubwa zaidi, 35,730, na kwa pamoja mgao wake unafika 57,974. Mtu wa Hazina akiziangalia namba hizi ataona watoto hawa tayari wanapendelewa, hivyo mkato wa robo kwa wote ni haki kwa wote.

Ingia ndani ya shule uone robo hiyo inakata nini. Shule ya kawaida ikikosa robo ya mgao, darasa la watoto 45 linakuwa la 60, vitabu vinagawanywa, mwalimu anakaukiwa sauti. Ni vibaya, lakini kengele inalia na masomo yanaendelea. Shule ya watoto wenye mtindio wa ubongo ikikosa robo, mama mlezi mmoja anaachishwa kazi, na hapo kuna watoto ambao hakuna wa kuwalisha, wa kuwabadilisha nguo wala wa kuwageuza. Hao hawabanani darasani. Wanarudishwa nyumbani. Kwa wasioona, karatasi nzito ya nukta nundu ikiisha, daftari la kawaida halisaidii kitu. Betri ya kifaa cha kusikia ikifa, mtoto yupo darasani na hayupo.

Na Mombasa yenyewe ina jiografia yake. Shule za namna hii ni za kuhesabu: ya wasioona iko Likoni, ya wenye ulemavu wa viungo iko Port Reitz, ya viziwi iko Ziwani, ya Tom Mboya inawapokea wenye mtindio wa ubongo. Mtoto wa Kisauni au Jomvu hachagui shule ya karibu, anakwenda palipo na mwalimu wake. Anayetoka ng'ambo kwa kawaida huvuka kwa feri. Kwa waendao kwa miguu feri ni bure, ndiyo, lakini maji yakikupwa mteremko wa kuingilia unakuwa mkali, na nimemwona baba akiteremka kinyumenyume, kiti cha magurudumu kakishika kwa mbele, umati unampita kushoto na kulia huku kipenga kinapigwa. Akishavuka, bado kuna tuktuk. Nauli hiyo haimo katika mgao wowote.

Ndiyo maana naona kampeni yetu, pamoja na haki yake, inapiga mahali pasipouma. Kwanza, nusu ya waliohudhuria walitaka tuandamane hadi ofisi za kaunti. Kaunti, kwa Jedwali la Nne la Katiba, ina chekechea na vyuo vya ufundi vya vijijini. Shule za msingi, za upili na elimu maalum ni mali ya serikali ya kitaifa. Gavana anaweza kutoa basari, na Mombasa basari ni siasa kubwa, lakini basari humfuata mtoto mwenye ankara ya karo. Aliyebaki nyumbani kwa sababu gari limesimama hana ankara.

Pili, hatuna hesabu. Ili mtoto atambuliwe rasmi kuwa na mahitaji maalum, sharti apimwe katika kituo cha tathmini ya elimu. Foleni, nauli, siku ya kazi iliyopotea, na aibu ya majirani, vyote humzuia mzazi. Asiyepimwa hahesabiwi, na asiyehesabiwa hana nyongeza. Sensa ya 2019 ilisema wenye ulemavu ni asilimia 2.2 ya walio na umri wa miaka mitano na zaidi. Watetezi wa walemavu wengi wanaona ni kidogo mno, nami nikitembea mitaa ya Mtongwe na Timbwani, hapa Likoni, naelekea kukubaliana nao. Serikali inasaka wanafunzi hewa, ilhali hapa kuna watoto wa nyama na mifupa wasiokuwa kwenye orodha yoyote.

Nilipopendekeza barua idai kwanza nyongeza ya mahitaji maalum isiguswe, ilipwe yote siku shule zinapofunguliwa badala ya kumegwamegwa kwa mihula, mwalimu mmoja mstaafu alinipinga, na hakuwa mjinga. "Bwana, ukishakubali kupanga foleni ya haki, Hazina itamlipa wa kwanza na kumsahau wa pili. Halafu wazazi mtagombana wenyewe kwa wenyewe." Ana hoja. Wengi wa waliokuwa pale watoto wao wanatembea, wanaona, wanasikia, na ni wingi wao utakaomtia mbunge hofu. Ukiwaambia wasubiri, watakwenda zao. Jibu langu lilikuwa kwamba foleni ipo tayari, imepangwa na walioko juu, na wa mwisho wake tunamjua. Hakuridhika. Sikumlaumu.

Tulimaliza magharibi ikikaribia, watu wakiwahi swala. Barua haikupigwa chapa upya, kwa kuwa mashine ya shule haikuwa na wino. Katibu aliongeza mstari mmoja kwa kalamu, chini ya namba zile mbili: na gari la shule. Kisha akamwuliza yule mama mtoto ameshapimwa wapi, ili aandike. Mama akatikisa kichwa, akamkalisha mwanawe vizuri mgongoni, akauliza kituo kinafunguliwa siku gani.